Mstari wa Chai

Mwenye kosa ni Bibi, na mpaka leo hajakubali. Ukimuuliza atakuambia kwamba yeye alikwenda kuchukua chai, na kama watu wazima wenye akili zao waliamua kumfuata kikongwe wa miaka themanini, hilo ni lao na Mungu wao.

Siku hiyo kanisa lilikuwa linamchagua mzee wa kanisa. Mgombea alikuwa mmoja tu, Bwana Mbao, mwenye ghala la mbao pale barabarani, mtu wa kifua kipana na sauti ya kuamuru lori lirudi nyuma. Mkewe hakuwepo; ilisemekana yuko kwa dada yake anauguza. Kanisa lile halikupiga kura kwa karatasi wala sanduku. Mgombea alisimama uwanjani akawapa watu mgongo, asije akajua nani kamfuata na nani kamkwepa, na waumini wakapanga mstari nyuma yake. Hata akiwa mgombea mmoja, mstari ulipangwa. Katibu, karani mstaafu wa mahakama, alikuwa akisema katiba ni katiba, na malaika Gabrieli mwenyewe akitaka uzee wa kanisa atapangiwa mstari kama wengine.

Kabla ya mstari, mgombea hupewa dakika tano aseme lake. Bwana Mbao alichukua arobaini na tano. Alikuwa ameandika sifa kumi na mbili za kiongozi mwema wa kiroho kwenye karatasi ndefu, na alikusudia kuzimaliza zote.

"Sifa ya nne, usikivu," alisema. "Kiongozi wa kiroho lazima asikilize watu. Na wewe mzee wa huko nyuma, acha kukohoa, unanikatiza."

Mzee akameza kikohozi chake.

"Sifa ya tano, unyenyekevu. Mbao za paa hili nilitoa mimi. Lakini je, mmewahi kunisikia nikilitaja jambo hilo?"

Walikuwa wamemsikia Jumapili iliyopita, na ile iliyoitangulia. Alipofika sifa ya saba, uvumilivu, watoto walikuwa wakilia, wanakwaya wakisinzia bega kwa bega, na harufu ya chai ilikuwa imeingia dirishani bila kupiga hodi.

Aliyepika chai hiyo alikuwa dobi mmoja mwembamba, mpole, ambaye kila Jumapili kwa miaka mingi ndiye aliyechemsha na kumimina, hata watu wakasahau jina lake la ubatizo wakamwita Birika. Mkewe alikuwa fundi wa nguo, na kwa mtindo huohuo akaitwa Mama Cherehani. Siku hiyo Mama Cherehani alikuwa amekaa benchi la tatu, akipiga miayo mpaka taya zinalia, na alipoona Bwana Mbao anafunua upande wa pili wa karatasi, roho ikamtoka.

"Mzee," Mchungaji akanyanyuka kwa upole, "hizo nyingine tutazipata kwa vitendo. Twendeni uwanjani."

Watu walitoka kama maji ya bomba lililopasuka. Bwana Mbao akaenda kusimama langoni, mgongo kwa watu, mikono nyuma. Upande wa pili, ukutani kwa jiko, Birika alikuwa ameinamia meza yake akipanga vikombe, naye vilevile mgongo kwa watu, kwa sababu ndivyo meza ilivyokaa. Bibi, mama yake mzazi, akatoa kikombe chake cha bati kwenye mkoba, akajikongoja, akasimama nyuma ya mwanawe.

Basi. Watu walikuwa na kiu na njaa na usingizi. Wakaambizana, "Si yuko peke yake? Atapita tu." Mmoja akasogea, wawili wakasogea, na mstari wa chai ukajinyoosha mpaka kwenye karo la kunawia mikono. Mama Cherehani naye alikuwemo, wa tisa. Katibu hakuona kitu. Pua yake ilikuwa ndani ya kitabu, akisoma kwa sauti kifungu cha tisa, kirefu kuliko vyote. Alipofika nukta ya mwisho akapiga kengele.

"Kengele imelia! Hakuna kusogea, hakuna kubadili mstari!"

Ndipo akainua macho. Akahesabu langoni: kumi na mmoja. Akageuka upande wa jiko, akahesabu, akafuta miwani, akahesabu tena. Arobaini na watatu.

"Kwa mujibu wa katiba," alisema, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo, "aliyechaguliwa ni dobi."

Birika, ambaye hakuwa amesikia lolote kwa sababu ya mlio wa vikombe, akageuka na birika mkononi akauliza, "Haya, nani wa kwanza?"

Aliyeanza kucheka alikuwa binti yake mwenyewe, msichana wa miaka kumi na saba ambaye alikuwa hacheki kidogo. Alikuwa akianza anakaa chini. Akakaa chini. Kutoka hapo kicheko kikapita mstari mzima, wanakwaya wakashikana mabega, yule mzee wa kikohozi akakohoa chote alichokuwa amekizuia. Bwana Mbao aligeuka, uso umemwiva.

"Ule ni mstari wa chai!" alifoka.

"Katiba haisemi mstari wa chai," Katibu akajibu. "Wala wa uji. Inasema mstari."

Mchungaji alikuwa ameficha uso kwenye leso, mabega yanamtikisika. Alipoweza kusema, alisema uchaguzi utarudiwa Jumapili ijayo, wagombea sasa ni wawili, na safari hiyo chai ifungiwe stoo mpaka hesabu iishe. Mama Cherehani peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama Bwana Mbao, na Bwana Mbao alikuwa anamtazama mumewe, na macho yale hayakuwa na mzaha.

Nyumbani kwao kulikuwa vyumba viwili na kochi moja lililobonyea upande wa Bibi. Mama Cherehani aliweka chakula mezani kwa kishindo.

"Utajiondoa," alimwambia mumewe.

"Nitajiondoa," akasema Birika.

Mama Cherehani alikuwa amejiandaa kubishana, maneno yamejipanga foleni kooni, sasa akakosa pa kuyapeleka. "Usiseme tu nitajiondoa. Sema utajiondoa vipi."

"Nitasema sitaki."

"Ajiondoe kwenye nini?" Bibi akauliza, mdomo umejaa.

"Uzee wa kanisa, mama. Wamemchagua kwa bahati mbaya."

"Nani kamchagua?"

"Wewe, bibi," binti akasema, na hapohapo akaanza tena, akaweka kijiko chini asije akajichoma.

"Mimi nilikwenda kuchukua chai," alisema Bibi, "na mpaka sasa sijaipata."

Mama Cherehani alitaka kukaza uso ukamshinda, akaangalia pembeni. Njiani kurudi, wanawake wawili walikuwa wamempigia goti barabarani, "Shikamoo, mke wa mzee!" kisha wakakimbia wakicheka na viatu mkononi. Hilo angelisahau kufikia Jumanne. Ambalo hakuweza kulisahau ni kibaraza. Cherehani yake na meza ya pasi ya mumewe zilikaa kwenye kibaraza cha ghala la Bwana Mbao. Hawakuwa na mkataba wala karatasi. Walikaa kwa neno la mdomo, na mdomo wenyewe ni ule uliofoka uwanjani. Wakitolewa pale, wateja watawatafuta wapi? Na vyumba vile viwili havikuwa na nafasi hata ya ubao wa pasi.

"Alhamisi Bwana Mbao atakuja ghalani," alisema taratibu. "Akija, mwambie ulikosea. Mwombe radhi."

"Radhi ya kumimina chai?"

"Ya chochote! Tuombe tu."

Jumatatu mambo yakaanza kuwa ya ajabu. Watu walikuja na nguo ambazo hazikuhitaji pasi. Mmoja alileta suruali iliyonyooka kama rula, akaiweka mezani, akakaa kwenye kigoda, akaanza kusimulia habari za mwanawe aliyeacha shule. Birika alipuliza mkaa, akapitisha pasi juu ya suruali isiyo na kosa, akasikiliza. Hakusema kitu isipokuwa "Ehe," na mara moja, "Sasa yeye mwenyewe anasemaje?" Mtu yule akafikiri, akasema hajawahi kumuuliza. Akachukua suruali yake akaondoka mbiombio.

"Ulimshauri nini?" Mama Cherehani aliuliza.

"Sikumshauri. Nilikuwa napiga pasi."

Jumanne walikuja mume na mke ambao walikuwa hawasemeshani wiki ya pili. Walikaa kila mmoja upande wake wa kibaraza, kila mmoja akitaka Birika amwambie mwenzake yeye ndiye mwenye haki. Birika alisikiliza huku, akasikiliza kule, kisha akavuta shuka kubwa kwenye kikapu.

"Nisaidieni kwanza kukunja hili. Mke wangu yuko kwenye cherehani. Wewe shika ncha hizo, na wewe shika hizo. Vuteni. Haya, sogeeni mkutanishe."

Sasa shuka ukilikunja na mtu, huna ujanja, lazima mkutane katikati mikono yenu igusane. Walikutana. Wakaachana, wakavuta, wakakutana tena. Mara ya tatu mume akafanya makusudi kuvuta kwa nguvu, mke akayumba akamwangukia kifuani, akampiga kofi la bega, "Mjinga wewe!" Wakaondoka wakisukumana kama watoto wa shule, na shuka wakalisahau mikononi, ikabidi binti awakimbilie.

Mama Cherehani alikuwa amesimamisha cherehani yake. Miaka yote alikuwa anamjua mumewe kama mtu wa kimya. Hakuwahi kujua kwamba kimya chake kilikuwa kazi.

Jumatano foleni ya kibaraza ikafika kwenye mtaro. Bibi aliletwa kigoda, akakaa mwanzoni, akidhani kuna chai.

Alhamisi akaja Bwana Mbao mwenyewe, kwa miguu, na mfuko wa nguo chafu mkononi. Wateja watano walikuwepo. Wote wakagundua ghafla kwamba wana jambo la kutazama barabarani, ila hakuna aliyeondoka.

"Dobi," alisema. Hakusema Birika. "Nimesikia umefungua kanisa lako hapa kibarazani kwangu."

"Karibu, mzee. Kigoda hicho hapo."

"Sikai. Jumapili utasimama mbele ya watu useme mwenyewe kwamba mambo ya kiroho huyajui. Mtu wa birika anajua nini? Uongozi una sifa zake. Nimezisoma, nimeziandika."

"Ni kweli, mzee. Nitasema."

"Na mwisho wa mwezi nitapahitaji hapa. Kuna shehena inakuja, nitaipanga hapa." Alizungusha mkono juu ya meza, juu ya cherehani, na mkono ukampita Mama Cherehani kama na yeye ni sehemu ya vyombo. "Ila tutaona. Itategemea Jumapili."

"Na hizi nguo?" Birika aliuliza.

Bwana Mbao akaangalia mfuko mkononi mwake kana kwamba alikuwa ameusahau. Akaushusha chini ya meza haraka. "Jumamosi."

"Jumamosi zitakuwa tayari."

Alipoondoka, wateja nao wakakumbuka safari zao. Mama Cherehani alisimama. Sindano ilikuwa ingali mdomoni, akaitema.

"Utajiondoa kweli?"

"Si ulisema nijiondoe?"

"Nilisema Jumapili! Leo ni Alhamisi!"

Birika alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Kanipita kama stuli," alisema, machozi yanamlenga. "Mbele za watu. Na wewe unamwambia karibu, unamwambia mzee, unamwambia zitakuwa tayari. Kibaraza kama kinaondoka na kiondoke, lakini kiondoke ukiwa umesimama! Jumapili husogei mahali. Unanisikia? Ukisogea hata hatua moja, chakula utapikiwa na Katibu."

Birika aliokota sindano sakafuni, akamrudishia. "Si mtu mbaya, mke wangu. Ana..."

"Ana nini?"

"Ana mashati mengi."

Mama Cherehani alitaka kumpiga na futi ya kupimia, badala yake akacheka, akiwa analia, na hilo likamuudhi zaidi.

Jumamosi kikapu kilikuwa kimejaa nguo za watu zilizochanganyikana, maana mji mzima ulitaka kwenda kanisani umenyooka. Birika alimpa mkewe shati jeupe lililokosa kifungo cha mkono wa kushoto. Alilitazama, akalinusa, akaligeuza. Kifuani palikuwa na alama ya pasi iliyounguza kidogo, kama mtu aliyejaribu akaogopa. Kola ilikuwa imesuguliwa kwa sabuni ya kipande, vibaya.

"Hii ni wiki ya tatu naona mashati ya namna hii. Huyu mtu hana mtu nyumbani," alisema. "Kajaribu kufua kashindwa, kajaribu pasi kashindwa, na wa kumshonea kifungo hana. Maskini. Ni nani?"

"Mteja."

"Najua ni mteja. Mteja gani?"

Birika akapuliza mkaa, majivu yakaruka, akakohoa kwa muda mrefu kuliko majivu yalivyostahili. Mama Cherehani alimjua. Hapo hatapata jina hata akimkamua. Uzi mweupe ulikuwa umekwisha. Akatia wa buluu, akashona kifungo kwa nguvu, mara nane, kisije kikatoka tena.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Watu ambao Pasaka yenyewe huwa inawapita walikuwepo. Chai ilikuwa stoo, stoo ilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa shingoni mwa Katibu kama nishani.

Birika alipewa dakika tano. Alisimama kwenye suti yake moja, akashika kiti.

"Bwana Mbao aliniomba niseme kwamba mambo ya kiroho siyajui," alisema. "Ni kweli. Siyajui."

Akakaa.

"Amina!" Bibi akaitikia kwa sauti, kwa kuwa ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia hotuba iliyoisha. Kanisa likalipuka. Binti aliteleza kwenye benchi.

Bwana Mbao akapanda, akakunjua karatasi. "Nilikuwa nimefika sifa ya saba," alisema. "Ya nane..."

Alizimaliza zote, kwa haki yake. Lakini sauti ilikuwa si ile ya lori. Alipofika ya kumi na moja, kwamba kiongozi wa kiroho awe na nyumba yenye umoja, alisoma mstari mmoja mara mbili, akaruka, akaketi.

Uwanjani, Bwana Mbao alikwenda langoni, mikono nyuma, mgongo kwa watu. Birika akaenda ukutani kwa jiko, hana birika wala kikombe, hajui mikono aiweke wapi. Katibu akafungua kitabu, akaanza kusoma kifungu cha tisa.

Bibi alisimama nyuma ya mwanawe. Nyuma ya Bibi, Mama Cherehani. Nyuma yake binti, kisha yule wa suruali iliyonyooka pamoja na mwanawe, kisha mume na mke wa shuka wameshikana vidole, kisha mzee wa kikohozi. Wakaja wanakwaya, wakaja wanawake wawili waliompigia goti barabarani, wakainamisha vichwa. Mwisho kabisa wakaja vijana watatu wa ghala la mbao, wamebana pumzi, wakinyata kama wezi wa kuku. Hakuna aliyebaki. Mama Cherehani aligeuka akaona mstari umefika kwenye karo, umekunja kona, na moyo ukamjaa mpaka akasikia masikio yanamlia. Wamecheka wiki nzima, na bado wamekuja. Mumewe! Yule anayepuliza mkaa! Alitamani kuruka.

Bwana Mbao langoni hakuwa na habari. Alikuwa amesimama wima, kichwa juu, akisubiri.

"Mtu yule kaachwa peke yake," alisema Bibi. Kwa kuwa masikio yalikuwa mazito, siri zake zilisikika mpaka nje ya ukuta.

Birika akageuka. Akatazama langoni. Halafu, Mungu wangu, akatoka kwenye nafasi yake, akaanza kuvuka uwanja.

"Wewe!" Mama Cherehani alinong'ona kwa ukali. "Wewe! Rudi! Nilikwambia usisogee!"

Birika hakurudi. Alitembea mwendo wake uleule wa kupeleka nguo kwa mteja, akafika, akasimama nyuma ya Bwana Mbao.

Na hapa kosa la pili ni la Bibi vilevile. "Mwanangu anakwenda wapi?" alisema. "Basi na mimi." Akajikongoja kumfuata. Mama Cherehani angefanyaje, amwache mama mkwe aanguke? Akamshika kiwiko. Binti akamfuata mama, akiwa tayari anacheka. Na watu walikuwa wamejipanga nyuma ya mtu. Mtu amehama, wao watabaki wakitazama ukuta wa jiko? Mstari wote ukajikunjua kutoka kwenye karo, ukavuka uwanja kwa vishindo na vicheko vya chinichini, na Katibu, pua kitabuni, alikuwa bado yuko katikati ya kifungu cha tisa.

Bwana Mbao alisikia hatua. Mama Cherehani alimwona mabega yakipanda. Zikaja nyingine, na nyingine, uwanja mzima unakuja, na mtu yule akavuta pumzi kubwa, vidole vikafunguka nyuma ya mgongo wake. Hapo ndipo Mama Cherehani alipouona mkono wa kushoto wa shati. Kifungo cheupe, uzi wa buluu, mara nane.

Hasira yote ikamwishia miguuni. Alikuwa amesema maskini. Alikuwa ameuliza jina, na mumewe akakohoa majivu. Kumbe zile habari kwamba mke wa Bwana Mbao yuko kwa dada yake anauguza, wiki ya tatu sasa, hazikuwa habari za kuuguza.

Bwana Mbao hakuweza kuvumilia tena, akageuka. Akawaona wote. Halafu akamwona aliye mbele yao.

"Umefanya nini?" Sauti ilikuwa ndogo.

"Nimekuja kusimama na wewe."

"Wote walikuwa kwako?"

"Walikuwa kwenye kivuli cha jiko, mzee."

"Usinidanganye."

"Walikuwa kwangu," Birika alisema. "Na wewe ulikuwa peke yako. Nyumbani uko peke yako, na hapa tena? Hapana. Inatosha."

Uso wa Bwana Mbao ukawa wa mtu mwingine, mtu aliyechoka. "Umejua tangu lini?"

"Tangu kola ya kwanza."

"Na hukumwambia mtu." Alimtazama Mama Cherehani, akaona macho yake yako kwenye kifungo, akatia mkono mfukoni. "Hata huyu."

"Hata mimi," Mama Cherehani akasema. "Nilimkamua, hakutoka hata herufi."

Bwana Mbao alisimama akitazama ardhi. Kisha akatoka pale mbele, akatembea kandokando ya mstari mzima, akampita Bibi, akampita binti aliyekuwa kajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akawapita wanakwaya, akapita karibu na mzee wa kikohozi akasema, "Kohoa tu, mzee," akafika mwisho kabisa. Vijana wake watatu walipomwona anawajia nusura waruke ukuta. Akasimama nyuma yao.

Katibu alifika nukta ya mwisho, akapiga kengele.

"Kengele imelia! Hakuna kusogea!"

Akainua macho. Akaona mstari mmoja, mrefu, ulionyooka. Mbele yake amesimama dobi, uso langoni, mgongo kwa watu, kama katiba inavyotaka.

"Katibu, ngoja kidogo," Birika alisema, akitaka kutoka, "mimi hapa nilikuja tu ku..."

"Kengele imelia!"

"Lakini mimi si..."

"Kifungu cha tisa!" Katibu akanguruma, na Birika akaganda mguu mmoja hewani. Katibu akatembea akihesabu kwa kidole, polepole, anafurahia kila kichwa, mpaka mwisho wa mstari.

"Na mimi umenihesabu?" Bwana Mbao aliuliza.

"Wewe ni wa sitini na moja."

Kelele iliyofuata ilirusha njiwa kwenye paa lile la mbao. Mchungaji hakutafuta leso safari hii, alicheka wazi, amejishika mbavu. Mama Cherehani alimrukia mumewe shingoni mbele ya kanisa zima, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya harusi, kisha akamfinya sikio kwa ile hatua aliyosogea.

"Sasa nifanye nini?" Birika aliuliza, macho yamemtoka.

"Chai!" wakajibu watu.

Katibu akavua ufunguo shingoni. Hakuna aliyehitaji kujipanga, mstari ulikuwepo tayari. Bibi alikuwa wa kwanza, akapata chake cha wiki mbili. Mama Cherehani alisaidia kugawa vikombe, na alipofika mwisho akamkuta Bwana Mbao amesimama kimya, amenyoosha mkono wa kushoto.

"Ile shehena," alisema bila kumtazama usoni, "nimekumbuka ina mahali pengine."

"Asante, mzee." Alimpa kikombe. "Lete hilo shati kesho. Nimenunua uzi mweupe, nitakibadilisha kifungo."

Bwana Mbao akautazama uzi wa buluu.

"Usikibadilishe," alisema. "Huu umeshika."